Milimita Tatu Zinazokula Tairi

Februari 2020, kwenye majaribio ya Formula 1 karibu na Barcelona, kamera ya gari la Mercedes ilimnasa Lewis Hamilton akifanya jambo geni. Alipotoka kwenye kona na kuingia sehemu iliyonyooka, aliuvuta usukani mzima kuelekea kifuani. Alipokaribia kona nyingine, akausukuma ukarudi mahali pake. Kila mara magurudumu ya mbele yaligeuka kidogo sana, la kushoto upande wake na la kulia upande wake. Timu ilikuwa imebuni njia ya kubadilisha tou gari likiwa mbioni. Julai mwaka huo, huko Austria, Red Bull waliwasilisha malalamiko rasmi, yakatupwa. Lakini kanuni za 2021 zikaupiga marufuku mtambo huo.

Tou ni kitu gani hata timu tajiri kiasi kile iihangaikie hivyo? Liangalie gari kutoka juu. Magurudumu mawili ya mbele yanaweza kuwa sambamba, au ncha zake za mbele zikakaribiana, au zikaachana. Ndiyo tou hiyo: sifuri, ya ndani, ya nje. Ya nje huliamsha gari. Gurudumu lililo upande wa ndani wa kona linakuwa limekwisha kuelekea huko, na ukigusa usukani pua inaitika papo hapo. Barabara ikinyooka, tabia hiyohiyo inageuka hasara, kwa sababu magurudumu yanavutana na mpira unasuguliwa bila faida. Mercedes walitaka pembe moja kwenye kona na nyingine kwenye mnyooko. Sisi wengine tunachagua moja na kuishi nayo.

Hesabu yake ni nyepesi, nayo inatisha. Chukua rimu ya inchi 17, ambayo kipenyo chake ni milimita 432. Tuseme tou ya nje ni milimita 3 kwa jumla, yaani kingo za mbele za rimu zimeachana kuliko za nyuma kwa milimita 3. Kila gurudumu limegeuka moja ya tano ya digrii. Kwa macho huoni kitu. Ila gurudumu lililogeuka hivyo, likilazimishwa kwenda mbele, ni sawa na kuburutwa ubavu karibu mita 3.5 katika kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Ukifika, kila tairi la mbele litakuwa limeburutwa zaidi ya mita 650.

Ndiyo maana nasema kemba husingiziwa. Gari likija gereji tairi limelika upande wa ndani, wa kwanza kushtakiwa ni kemba, ule ulalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele. Kemba ina sehemu yake, kwani gurudumu lililolalia ndani hubeba uzito mwingi kwenye bega la ndani. Lakini linaendelea kuviringika, haliburutwi. Kemba huamua tairi liishe wapi. Tou ndiyo inayoamua liishe lini. Zikikutana mbovu zote mbili, kashata za upande mmoja zinakwisha hadi waya zikaonekana huku upande wa pili ukiwa bado mpya.

Kabla ya pembe, hata hivyo, kuna rimu yenyewe, na hapo ndipo wenye magari ya kasi wanapoharibu mapema. Nitatumia gari ambalo barabara za Nairobi na Kampala zinalijua vizuri kwa sauti yake, Subaru Impreza WRX STI. Toleo la 2004 lilitoka kiwandani na rimu ya inchi 17 yenye upana wa inchi 7.5, matundu matano kwenye duara la milimita 100, tundu la kati la milimita 56.1 na ofuseti ya 53. Mwaka uliofuata Subaru wakaongeza upana hadi inchi 8 na kulipanua duara la matundu hadi milimita 114.3. Kwa jicho ni gari lilelile. Rimu haziingiliani.

Muuzaji wa rimu za mtumba atakwambia, "Bosi, tundu tano ni tundu tano." Si kweli. Duara la 112 na la 114.3 yanatofautiana kwa milimita 2.3, kiasi ambacho kijana mwenye nguvu na spana ndefu anaweza kukilazimisha, na stadi zikakaa zimepinda chini ya mzigo mpaka siku zinapokatika. Vivyo hivyo na nati. Rimu za kiwandani za Honda hukaliwa na nati zenye kichwa cha duara kama mpira. Rimu nyingi za kununua nje huhitaji nati za mchongoko. Ukichanganya, nati inagusa ukingo mwembamba tu wa tundu na italegea yenyewe. Tundu la kati nalo likiwa kubwa kuliko habu (rimu nyingi za kununua hutobolewa milimita 73.1 ili zitoshee magari mengi) weka ringi ya kuziba nafasi. Bila ringi, gurudumu linaweza kufungwa likiwa limehama kidogo kutoka katikati, na usukani utatetemeka kwenye mwendo hata ulipe balansi mara ngapi.

Sasa ofuseti, namba ambayo wengi huisoma nyuma ya rimu ikitanguliwa na herufi ET bila kujua inawadai nini. Ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaokaa kwenye habu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linazama ndani. Ikipungua, linatoka nje. Mwenye STI ya 2004 akipenda rimu ya inchi 18 yenye upana wa 8.5 na ET38, ukingo wa nje utasogea nje karibu milimita 28, na ule wa ndani utabaki karibu palepale alipouacha. Shokapu iko salama. Fenda haiko salama. Gari likibonyea kwenye tuta likiwa na abiria nyuma, mpira utalikuta bati.

Fenda inapigwa paneli biti, yakaisha. Kinachonisumbua zaidi ni kisichoonekana. Chora kwa mawazo mstari kutoka kitovu cha juu cha shokapu kupitia boli jointi ya chini, uuteremshe hadi lami. Gurudumu la mbele huuzungukia mstari huo unapokata usukani. Umbali kati ya pale mstari unapotua na katikati ya eneo la mpira linalogusa lami ni wenzo, na wahandisi wa kiwanda waliupima kwa makusudi. Ukipunguza ofuseti kwa milimita 15, umeisogeza nguvu ya breki nje kwa milimita 15 hizohizo. Siku za kawaida utahisi usukani mzito kidogo, tena wengine hudhani ndiyo "uzito wa gari la mbio". Siku unapokwepa lori ukashika breki kwa nguvu, magurudumu ya kushoto yakiwa kwenye changarawe ya pembeni na ya kulia kwenye lami, gurudumu la kulia linauma na la kushoto linateleza, na kwa wenzo ule mrefu usukani unakuponyoka kuelekea kulia, kwenye njia ya wanaokuja. Beringi za habu nazo zinabeba mzigo kwa mkono mrefu kuliko zilivyoundiwa. Spesa hufanya jambo lilelile kabisa, kwa bei ndogo.

Kuhusu ukubwa nitasema kidogo. Tairi la kiwandani la gari hili ni 225/45R17, lenye kipenyo cha milimita 634. Ukipanda inchi 18 kwa 225/40 unapata 637, tofauti isiyofika nusu ya asilimia, na mita ya mwendo haitakudanganya. Ila ubavu wa tairi umepungua kutoka milimita 101 hadi 90. Hizo milimita 11 ndizo zilizokuwa zikiupokea ukingo wa shimo kabla haujafika kwenye rimu. Kushuka nako kuna mpaka wake, kwani breki za Brembo za STI haziingii ndani ya rimu za inchi 16.

Waandaaji wa mbio za dunia za rali hawana mjadala juu ya hili. Gari lilelile huvaa rimu za inchi 18 kwenye lami na za inchi 15 zenye matairi mazito yenye mbavu ndefu kwenye vumbi. Hakuna anayeona aibu kwenye rali ya Naivasha kwa sababu rimu ni ndogo. Rimu huchaguliwa na barabara, na mwenye gari anayekaa mwisho wa njia ya mawe huku akitamani inchi 19 anatakiwa kujiuliza anaipamba picha au analiendesha gari.

Turudi kwenye kemba, maana haikusingiziwa kwa jeuri tu. Ina kazi halali. Gari linapokata kona kwa kasi, bodi inalalia nje na kuyavuta magurudumu yalale nayo. Ukiyapa ulalo wa ndani kidogo tangu mwanzo, yaani kemba hasi, gurudumu la nje litasimama wima pale tu linapohitajika na mpira wote ukashika lami. Bei yake unailipa kwenye mnyooko. Kwa tairi ambalo kashata zake zina upana wa milimita 200, kemba ya digrii 2 ingeinua bega la nje kwa milimita 7 kama mpira usingebonyea. Uzito mwingi unahamia bega la ndani, na joto pamoja nao. Agosti 2011, kwenye Formula 1 kule Spa, Ubelgiji, Red Bull walivuka kiwango cha digrii 4 kilichopendekezwa na watengenezaji wa matairi, Pirelli, kwa magurudumu ya mbele, na baada ya mbio za kupanga nafasi matairi yakakutwa yametoka malengelenge. Dereva wao Sebastian Vettel alilazimika kuyabadilisha mapema sana kwenye mbio zenyewe. Alishinda hata hivyo, lakini yeye alikuwa na seti nyingine zikimsubiri.

Kwa STI inayokwenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa na kukimbizwa siku moja moja, ningeanzia kemba hasi ya digrii 1 hadi 1.5 mbele, tou sifuri mbele, na tou ya ndani kidogo mno nyuma ili mkia utulie. Anayekwenda uwanja wa mbio mara kwa mara anaweza kufika digrii 2.5 au 3 mbele, akikubali kununua matairi mapema. Subaru wamerahisisha kazi: bolti ya juu inayoifunga shokapu kwenye nako (kipande kinachobeba habu) ina duara lililokaa upande, na ukiizungusha sehemu ya juu ya gurudumu inaingia au kutoka. Nyuma, kwa sehemu za kiwandani, unarekebisha tou tu.

Kushusha gari ndiko kunakoharibu hesabu hii yote. Kwenye mfumo wa MacPherson, ambao ndio wa STI mbele, wishboni ya chini huinama kidogo kuelekea gurudumu, na gari linapobonyea kemba hasi inaongezeka. Ukilishusha hadi wishboni ikainama kinyume, mambo yanageuka, na kila gari linavyolalia kona gurudumu linapoteza kemba badala ya kuipata. Tairodi nayo imebadilika pembe, hivyo tou inacheza kila unapopita tuta. Nimeona gari limekaa chini kama nyoka na kona linaikata vibaya kuliko lilivyotoka melini.

Alaimenti basi ifanywe mwisho, baada ya rimu, matairi, springi na kila kitu. Fundi anayejua hasogei kwenye mashine kabla hajalinyanyua gari na kulitikisa kila gurudumu kwa mikono miwili, juu na chini, kisha kushoto na kulia. Likicheza, ni boli jointi, tairodi au beringi, na kupima pembe za kitu kinachocheza ni kupoteza fedha. Anapima upepo. Anauliza kuhusu mizigo kwenye buti. Anaufunga usukani ukiwa katikati. Kisha anaanza nyuma, kwa kuwa ekseli ya nyuma ikiangalia pembeni gari zima litakwenda upande na usukani utakaa umepinda hata mbele pakinyooshwa vipi. Nyuma ikikaa sawa anakuja kwenye kasta (ulalo wa ule mstari ambao gurudumu huuzungukia, ukilitazama gari kwa ubavu), kisha kemba, tou ya mwisho; akiigusa kemba baada ya tou, tou imehama na kazi inaanza upya. Kenya, Tanzania na Uganda, tunakoendesha kushoto, barabara zimeinuliwa katikati ili maji yashuke, kwa hiyo gari hupenda kuteleza kushoto taratibu. Mafundi wengine huiacha kasta ya kushoto izidi ya kulia kidogo ili kulirudisha. Ukilipeleka gari hilo Rwanda au Burundi, ambako huendeshwa kulia, fidia hiyohiyo italivuta kuelekea pembeni.

Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada, kisha baada ya kilomita mia chache pitisha kiganja juu ya kashata, kutoka nje kuja ndani na kurudi. Upande mmoja ukiwa laini na ukirudisha unakwaruza, tou bado haijakaa, hata kama karatasi inasema vinginevyo. Na kama karatasi haina namba za magurudumu ya nyuma, umelipia nusu ya kazi.