Mzee Ojwang', Mkikuyu Aliyesema kwa Ulimi wa Kijaluo

Ukimtajia mtu wa Juja au Ruiru jina la Benson Wanjau, huenda akakuuliza ni Wanjau yupi, kwa maana akina Wanjau wa sehemu hizi hawahesabiki. Lakini mtajie Mzee Ojwang', naye atatabasamu kabla hujamaliza kusema. Watu hao wawili ni mtu mmoja. Bwana Benson Wanjau Karira, aliyezaliwa mwaka 1937 na kufariki tarehe 12 Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Na kwa muda upatao miaka thelathini watazamaji wa Kenya walimjua kuwa mzee wa Kijaluo, mwenye kofia kichwani na hasira za karibu. Wako waliopata habari ya kifo chake na kuyaona majina yake kamili magazetini, wakadhani mhariri amekosea.

Jambo hili linatuhusu sana sisi tukaao kando ya barabara ya Thika. Mashamba ya kahawa ya Ruiru, katani ya Juja na viwanda vya Thika viliwaleta watu kutoka Nyanza, Ukambani, Magharibi na milimani kwa Wakikuyu wenyewe, wakapangwa nyumba kwa nyumba, wakasemezana kwa Kiswahili. Kila mmoja alikileta Kiswahili hicho na lafudhi ya kwao. Basi mtu aliyetaka kujifunza namna Mjaluo asemavyo hakuhitaji shule. Alihitaji masikio na jirani.

Wengi hufikiri kwamba kuiga lafudhi ni kazi ndogo. Nawaomba wasomaji waifikirie kidogo. Mkikuyu aliyekulia lugha ya mama huchanganya L na R, hata kura na kula huwa neno moja kinywani mwake. Tena wengi wetu husema shai badala ya chai. Mjaluo hana shida hiyo hata kidogo. L yake ni L, na R yake ni R. Shida yake ni SH na Z, ambazo lugha yake haina, kwa hiyo shamba huwa samba, na shilingi huwa silingi. Hivyo Bwana Wanjau alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Ilimpasa kwanza kuyasahau makosa ya kwao, ndipo ayavae makosa ya jirani. Na hayo ayafanye upesi, katikati ya ugomvi wa mchezo, bila kuteleza. Mtazamaji asingepaswa kusikia hata R moja ya Kikuyu mahali pa L. Mimi niliyefundishwa Kiswahili sanifu na walimu wakali wa shule ya misheni nakiri kwamba sikuwahi kuisikia.

Kabla yake walikuwapo wachekeshaji wa redio, na wazee bado wanawakumbuka Mzee Pembe na Kipanga. Katika redio sauti ndiyo kila kitu: uso, nguo na mwendo vyote hutoka kooni. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, ikaendeshwa baadaye na Sauti ya Kenya, shirika ambalo tangu mwaka 1989 huitwa Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Katika idhaa hiyo ndimo Bwana Wanjau alimojulikana, katika michezo ya Vituko, Darubini na Kinyonga, tena Vioja Mahakamani, na zaidi ya yote Vitimbi. Lakini ingawa alionekana, sauti ilibaki kuwa silaha yake. Mtu aliyekuwa jikoni, asiyeuona mchezo, alicheka sawasawa na aliyekaa mbele.

Na waliokaa mbele walikuwa wengi, kwa kuwa televisheni zenyewe zilikuwa chache. Katika miaka ya 1980 na 1990 nyumba nyingi za mashambani hazikuwa na umeme. Aliyebahatika kuwa na televisheni aliiwasha kwa betri ya motokaa, na betri ikiisha nguvu ilibebwa kwa baiskeli kwenda kutiwa chaji mjini. Kwa sababu hiyo betri haikupotezwa ovyo. Ilitunzwa kwa taarifa ya habari na kwa Vitimbi. Majirani walijaa sebuleni, wengine wakachungulia dirishani. Mjaluo na Mkikuyu na Mkamba walicheka pamoja, na hakuna aliyetazama kando kuona kama mwenzake amechukizwa.

Mke wake wa mchezoni, Mama Kayai, pia hakuwa Mjaluo. Ni Bibi Mary Khavere, Mluhya, naye akasema kwa lafudhi ileile. Nyumba iliyojulikana nchini kuwa ya Wajaluo ilikuwa basi ya Mkikuyu na Mluhya.

Wako watu wenye elimu wauliza kama haya si kuwadhihaki Wajaluo. Swali hilo ni la haki, na lilizidi uzito baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani walipofukuzana kwa ajili ya makabila yao, hata Bunge likatunga mwaka 2008 sheria ya utangamano wa taifa inayokataza maneno ya chuki. Yako maigizo ambayo lafudhi ndiyo mzaha wote: mwigizaji hufungua kinywa, akaharibu neno, watu wakacheka, basi. Kazi ya namna hiyo haina heshima wala ufundi. Kwa Mzee Ojwang' mambo yalikuwa mengine. Tulimcheka kwa kuwa alikuwa mzee ajionaye, mwepesi wa kufoka, mwenye kujitia mjanja na kunaswa na ujanja wake mwenyewe. Mzee wa namna hiyo yuko katika kila kijiji, na wa kwetu Juja namjua kwa jina, ila sitalitaja. Ukimwondolea Ojwang' lafudhi, mzee anabaki. Na hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo njia ya kupambanua kati ya mwigizaji na mwenye dhihaka.

Lakini kazi ikifanywa kwa wepesi huo, watu hudhani si kazi. Hapo ndipo palipokuwa na uchungu wake. Waigizaji wengi wa rika lake wamesema hadharani kwamba malipo ya kila kipindi yalikuwa madogo, na kwamba kipindi kikirudiwa hewani wao hawakupata kitu. Karani wa serikali hupata mshahara wake mwisho wa mwezi, na akistaafu yako malipo ya uzeeni. Mkulima ana shamba lake. Mchekeshaji wa televisheni alikuwa na umaarufu tu, nao umaarufu haukubaliwi dukani. Macho ya Bwana Wanjau yalipoharibika, ilibidi wananchi wachange fedha mwaka 2012 ili apate matibabu. Walichanga kwa moyo, wa makabila yote, na jambo hilo lawastahili sifa. Hata hivyo haifai mtu aliyeifanyia nchi kazi kwa miaka mingi kiasi hicho angojee kofia izungushwe.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazitambua haki za mwigizaji katika maigizo yake, na mwaka 2012, mwaka uleule wa mchango, mataifa yalikubaliana huko Beijing mkataba wa kuwalinda waigizaji wa filamu na televisheni, ambao ulianza kutumika mwaka 2020. Kwa Mzee Ojwang' mkataba huo ulichelewa. Kijana anayetaka kuishika kazi hii leo, na Thika wako wengi wenye kipaji, na asome karatasi anayotiwa mbele kabla hajatia sahihi, aulize neno juu ya kurudiwa kwa kipindi, na asione haya kuuliza. Mwenye shamba la kahawa haoni haya kuuliza bei ya kilo.

Bwana Wanjau alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kwa ugonjwa wa nimonia, naye akazikwa katika makaburi ya Lang'ata, Nairobi. Vipindi vyake vya zamani vingali vikitazamwa katika intaneti. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta hapa Juja, ambao wengi wao hawakupata kamwe kubeba betri ya motokaa kwa baiskeli, huvitazama simuni ndani ya matatu, huku abiria wa kiti cha nyuma akiinua shingo ili naye aone.