Mwanya Wako, Tatizo la Nani?

Send-off imebakiza mwezi mmoja. Rafiki yangu, binti wa Malinyi, anasimama mbele ya kioo akificha mwanya wake kwa ulimi. "Lazima niuzibe kabla ya picha," ananiambia. Kisa ni kwamba mchumba wake aliupenda mwanya huohuo kabla hajajua hata jina lake!

Je, macho ya nani yafuatwe? Mwaka 1999, Vincent Kokich na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti uliotumia picha za tabasamu zilizochezewa makusudi. Mstari wa kati wa meno ya juu uliposogezwa milimita 4, madaktari wa kupanga meno waliona. Madaktari wengine wa meno na watu wa kawaida? Hawakuona kitu.

Umeipata hiyo? Kasoro inayokunyima usingizi, huenda mwenzako hajawahi kuiona. Na hakuna uso unaolingana kulia na kushoto kwa asilimia mia.

Mwanya, kweli, unaonekana. Lakini daktari anapoona nafasi ya kufunga, wengi wetu huona urembo. Tena waya za meno huchukua miezi, si wiki. Kwa hiyo kabla hujatafuta nauli ya Ifakara au Dar, jiulize: naufunga kwa ajili yangu, au kwa ajili ya albamu? Ila fizi zikivuja damu au jino likiuma, usijiulize. Nenda.

Rafiki yangu alimuuliza mchumba wake. Jamaa akacheka: "Ukiuziba, nitakutambuaje stendi?"