Kaimati na Kazi ya Hamira

Mtu wa bara afikapo Lamu, Mombasa au Unguja wakati wa Ramadhani hukuta kaimati katika futari: vitufe vidogo vya rangi ya kahawia, vyenye kumetameta kwa shira. Huvipenda sana, naye arudipo kwake hujaribu kuvipika, akapata mabonge yaliyoungua nje na kubaki mabichi ndani. Unga, mafuta na sukari ni fedha, wala haifai vipotee bure. Kwa hiyo twapenda kueleza mapishi haya pamoja na sababu zake.

Jina limetoka Uarabuni. Luqma ni tonge, na luqaimat ni matonge madogo. Waswahili wameiacha silabi ya mwanzo. Chakula cha jamaa hiyo kimo katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226, nacho chaitwa matonge ya kadhi. Pengine makadhi wa siku zile walikuwa walaji hodari.

Twaeni vikombe viwili vya unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu, chumvi chembe, na tui la nazi kadiri ya kikombe kimoja. Tui liwe la uvuguvugu, lisiwe la moto. Hamira ni viumbe hai, vidogo hata havionekani kwa macho, na tui lichomalo kidole huviua. Louis Pasteur, mtaalamu wa Kifaransa, alithibitisha katika miaka ya 1850 ya kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hivyo. Hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa.

Lakini hewa hiyo ingetoroka kama isingenaswa. Basi upigeni unga kwa mkono, mkiuinua na kuuangusha bakulini, mpaka uvutike kama ulimbo. Mvutiko huo ndio uzuiao hewa. Unga wa mahindi hauna, ndiyo maana haufai kwa kazi hii. Kisha funikeni bakuli. Pwani saa moja yaweza kutosha. Penye baridi, kama Limuru au Njombe, ngojeni saa mbili au zaidi. Msitazame saa, tazameni unga: uwe umeumuka mara mbili, na juu yake pana mapovu.

Mafuta yajae karai kina cha vidole vitatu, wala yasifike karibu na ukingo. Tieni tone la unga: likizama na kukaa chini, mafuta ni baridi, na kaimati zitayanywa, likigeuka jeusi upesi, moto umezidi. Likipanda polepole huku likitoa mapovu, anzeni. Wapishi wa pwani hulowesha vidole ili unga usigande, lakini kung'uteni maji vema, maana tone la maji likiingia katika mafuta ya moto hugeuka mvuke mara moja na kuyarusha usoni. Minyeni unga katika ngumi, na kila utokapo tonge kwa juu, utieni karaini. Moto uwe wa wastani, mkizigeuza kaimati daima, ili joto lifike ndani kabla ya ganda kuungua. Watoto wakae mbali. Mafuta yakishika moto, msimwage maji kamwe. Funikeni karai kwa mfuniko na kuondoa moto chini yake.

Shira ni vikombe viwili vya sukari na kimoja cha maji, pamoja na iliki iliyopondwa. Chemsheni mpaka inate kati ya vidole ikiisha kupoa kidogo kijikoni. Matone machache ya ndimu huizuia isigande kuwa chembechembe. Zitieni kaimati zingali moto, zizungusheni upesi, mkazitoe. Zikilala humo hulainika na kupoteza ule mkwaruzo wa ganda. Lieni siku ile ile, kwa kahawa chungu.