Uraibu na Swali la Muuguzi

Mtu mzima wa Lamu akitaja uraibu, hakusudii bangi wala unga. Akusudia sahani ya tambuu: jani bichi lililopakwa chokaa, popoo, katu na kipande cha tumbaku. Ni takrima ya harusini na heshima ya mgeni, nasi washairi tumeisifu mno.

Lakini sifa haizuii maradhi. Mwaka 1985 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba tambuu yenye tumbaku huleta saratani. Mwaka 2004 likaongeza kwamba hata tumbaku ikiondolewa, popoo peke yake ina madhara hayo hayo.

Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007. Sheria hiyo yakataza kuvuta sigara hadharani, lakini haiwezi kuketi na bibi chumbani mwake. Awezaye ni muuguzi, ambaye huchanja wajukuu wake na kumpima presha. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa nasaha ya muuguzi huzidisha idadi ya wanaoacha sigara.

Shida ni namna ya kuuliza. Muuguzi akisema, "Bibi, wavuta sigara?" atajibiwa, "Hasha, mwanangu!" na jibu hilo ni la kweli. Heri aulize, "Bibi, watafuna tambuu? Watia na tumbaku? Usiku walala nayo shavuni?" Hapo ndipo mazungumzo yaanzapo. Kisha amwombe afungue kinywa, atazame: weupe usiofutika, kidonda kisichopona kwa wiki mbili, taya zinazokataa kufunguka vyema. Saratani ya kinywa ikionekana mapema hutibika. Ikichelewa, ndipo mashua hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, na jamaa nyuma wakichanga fedha.

Sisemi mila zetu zitupwe baharini. Mgeni akipewa kahawa na halua, akarushiwa marashi, heshima yake imetimia. Chuoni tulifundishwa kwamba mwili ni amana, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe ikiwa salama.

Basi muuguzi asimwaibishe mtafunaji, kwani aliyeaibishwa harudi tena zahanati. Na mtafunaji asimfiche muuguzi. Wahenga walikwisha kutuonya: mficha maradhi, kilio humfichua.