Rovu Bandani, Rovu Nyumbani

Ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, wengi mmeuona kwa wazee wa milimani. Mbuzi naye huupata. Mbuzi jike huzaa mtoto mfu, au mtoto aliye hai lakini hana nguvu za kusimama, manyoya ni haba au hana kabisa, na kooni ana donge. Watu husema ni kijicho cha jirani. Sivyo. Ni upungufu wa madini joto, ambayo mama yake aliyakosa alipokuwa na mimba.

Katika nchi za juu kama Njombe na Makete, mvua za miaka mingi zimeyaosha madini hayo kutoka udongoni. Udongo ukiyakosa, majani huyakosa, na anayeyala huyakosa vile vile, awe mbuzi au mtu. Kwa hiyo ukiona rovu bandani, tazama na chumvi ya jikoni kwako. Mama mjamzito asiyepata madini joto, mimba yake yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na akili isiyokua sawasawa. Alichokosa tumboni, dawa ya baadaye haimrudishii.

Kinga yake ni rahisi: chumvi yenye madini joto. Nyumbani itumieni kwa kiasi, maana tunataka madini, hatutaki presha. Mbuzi mwenye mimba, ambaye hubeba miezi mitano, atiliwe kijiko kimoja cha chai kwa siku katika pumba, na maji ya kunywa yawe karibu. Magadi hayatoshi, hata kama mbuzi huyapenda sana. Chumvi ifunikwe, mbali na jua na unyevu, la sivyo madini joto hupotea. Kabichi na majani ya muhogo yasiwe chakula cha kila siku cha mbuzi huyo, kwani huyazuia madini hayo kufanya kazi mwilini.

Lakini si kila uvimbe ni rovu. Mwana-mbuzi anayerukaruka na kunenepa, mwenye uvimbe laini kooni, mwacheni. Utakwisha wenyewe akikua. Uvimbe wa maji chini ya taya, pamoja na weupe ndani ya kope, mara nyingi ni minyoo inayonyonya damu. Huyo apewe dawa ya minyoo, chumvi haitamponya.

Wenye kufuga kondoo pamoja na mbuzi wajihadhari: madini ya dukani yaliyochanganywa kwa ajili ya mbuzi yana shaba inayoweza kumwua kondoo. Sindano za seleni mwachieni bwana mifugo, kwa sababu kipimo kikizidi mtoto hufa.

Kuhusu vitamini A, mwana-mbuzi huipata kwanza katika dang'a. Anyonye saa ile ile anapozaliwa, kabla hamjakamua ya kwenu, na kuanzia wiki ya pili mtundikieni majani mabichi ayaguguneguugune.