Uzazi wa Pili: Mwili Una Haraka, Nyumba Haina

Mama mjamzito akiingia leba, kabla hata sijashika jina lake, namuuliza: "Mama, huu uzazi wa ngapi?" Akijibu "wa kwanza", nampa pole, nampima, na mara nyingi tunapata muda wa kuzungumza. Akijibu "wa pili", mkono wangu unakwenda kwenye boksi la glavu huku masikio yakiendelea kumsikiliza. Kwenye kadi ya kliniki tofauti yao ni tarakimu moja. Kitandani inaweza kuwa tofauti ya saa nyingi.

Karibu kila mtu anajua kwamba mtoto wa pili huja upesi. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba mama wa mtoto wa pili huchelewa kutoka nyumbani. Safari hii kuna kifungua mimba aliyelala chumbani, haijulikani ataachiwa nani usiku huu. Tena kuna kumbukumbu: "Yule wa kwanza uchungu ulianza Ijumaa jioni, nikajifungua Jumamosi mchana." Kwa hesabu hiyo mama anapika, anafua sare za shule, anasubiri dada yake afike kutoka upande wa pili wa mji. Mwili unakimbia, nyumba inatembea. Watoto wanaozaliwa kwenye bajaji huzaliwa katika pengo hilo.

Kwa nini njia hufunguka upesi

Mlango wa kizazi ni shingo fupi iliyo chini ya tumbo la uzazi, na muda wote wa mimba huwa umefumba. Ili mtoto apite, shingo hiyo inapaswa kufupika na kuwa nyembamba, kisha kufunguka hadi sentimita 10. Kwa anayezaa mara ya kwanza kazi hizo kwa kawaida hufuatana: shingo hulainika na kuwa nyembamba kwanza, kufunguka kunakuja baadaye. Ndiyo maana mama anaweza kuumwa usiku kucha, asubuhi akapimwa njia na kuambiwa ni sentimita 2. Hakuumwa bure. Mwili ulikuwa kazini, ila kazi yenyewe haihesabiki kwa sentimita.

Kwa uzazi wa pili kazi hizo mbili huenda pamoja. Mlango uliokwisha kupitisha mtoto haurudi kuwa kama ulivyokuwa. Kabla ya kuzaa, tundu lake ni duara dogo. Baada ya uzazi wa kawaida hubaki kama mpasuko mwembamba. Misuli ya sakafu ya nyonga nayo imeshanyooshwa. Fikiria fulana: ikiwa mpya, shingo yake hukwama masikioni; iliyozoea kuvaliwa hupita mara moja.

Hata vitendea kazi vyetu vimechukua muda kuitambua tofauti hii. Mwaka 1972, madaktari Philpott na Castle, wakifanya kazi katika jiji ambalo leo linaitwa Harare, walichapisha mchoro wa kufuatilia uchungu ambao ulikuja kuwa msingi wa patografu waliyofundishwa wakunga wengi wa Afrika. Waliuchora kwa kuwafuatilia wanawake wa uzazi wa kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unatenganisha makundi hayo mawili. Kuanzia sentimita 5, uchungu uliokolea kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa uzazi wa kwanza, wala saa 10 kwa uzazi unaofuata. Kipindi cha kusukuma kwa kawaida hakizidi saa 3 kwa wa kwanza na saa 2 kwa wengine. Hivyo ni vikomo. Wengi wa uzazi wa pili humaliza mapema zaidi, na kusukuma kwenyewe kunaweza kuchukua dakika chache.

Haraka hiyo si ahadi. Mtoto aliyelala vibaya au aliye mkubwa kuliko wa kwanza anaweza kuufanya uzazi wa pili uwe mrefu. Lakini katika kupanga safari, panga kwa haraka. Ukifika mapema utapoteza usingizi tu.

Dalili zinazodanganya

Aliyezaa mara moja hujiamini kwamba anazijua dalili. Tatizo ni kwamba baadhi ya dalili hubadilika.

Katika mimba ya kwanza, kichwa cha mtoto mara nyingi huzama kwenye nyonga wiki kadhaa kabla ya kujifungua, na mama huhisi tumbo limeshuka na pumzi imefunguka. Katika mimba ya pili kichwa kinaweza kubaki juu mpaka uchungu wenyewe uanze. Anayengoja "tumbo lishuke kwanza" huenda akangoja kitu ambacho hakitakuja.

Dalili ya pili ni mikazo ya kujaribu. Tumbo hukaza na kulegea wiki za mwisho bila mpangilio, na wengi wenye mimba ya pili huihisi zaidi kuliko mara ya kwanza. Akishaizoea, siku ya uchungu halisi mama anasema, "Ni yaleyale ya juzi." Mikazo ya kujaribu huja ovyo na hupungua ukitembea, ukioga au ukijilaza. Uchungu halisi hupangika: kila mkazo unakuwa mrefu na mkali kuliko uliopita, na nafasi kati yake inapungua, ufanye utakalo.

Kwa uzazi wa pili, usingoje uchungu ukolee. Ukishaona umeanza kupangika, funga safari, hasa kama kituo kiko mbali au ni saa za foleni. Na ukihisi kubanwa kama haja kubwa, usiende chooni peke yako. Mara nyingi hicho ni kichwa cha mtoto kinachokandamiza utumbo mpana, na kimebakiza safari fupi sana.

Kuna mambo ambayo hayahitaji kusubiri uchungu wowote: chupa kupasuka, kutoka damu, mtoto kupunguza kucheza, homa, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu. Hapo unaondoka palepale. Tanzania Bara, mama mwenye dharura anaweza kupiga bure namba 115 ya mfumo wa m-mama ili apate usafiri.

Na dawa za kuongeza uchungu, za mizizi au za vidonge vya kificho, zikae mbali. Tumbo la uzazi linalojua kazi likichapwa na dawa isiyo na kipimo linaweza kukaza kupita kiasi, mtoto akakosa hewa au tumbo lenyewe likachanika.

Kama mtoto amewahi

Ikiwa kichwa kimeonekana mkiwa njiani, usibane miguu wala mtu asijaribu kumrudisha mtoto. Dereva asimamishe chombo mahali salama. Mtoto akitoka, mfuteni mpaka akauke, mlazeni kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikeni wote wawili kwa khanga kavu, kichwa cha mtoto kikiwa kimefunikwa. Msikate kitovu kwa wembe wala mkasi wa nyumbani, wala msivute kamba yake ili kondo la nyuma litoke. Kisha endeleeni na safari. Kosa ninaloliona ni familia kugeuza gari kurudi nyumbani kwa sababu "si ameshajifungua?". Kwa mama, saa ya hatari ndiyo inayoanza.

Baada ya mtoto kulia

Kondo la nyuma likitoka, huacha kidonda ndani ya tumbo la uzazi chenye mishipa ya damu iliyo wazi. Kinachoifunga ni misuli ya tumbo lenyewe, ambayo imesukwa ikiizunguka mishipa hiyo na huiminya inapokaza. Ndiyo kazi ya sindano ya oksitosini, yuniti 10, ambayo mama hudungwa mara mtoto anapozaliwa. Ndiyo sababu pia mkunga hukuhimiza ukojoe: kibofu kilichojaa hulizuia tumbo kukaza vizuri.

Damu ikifika mililita 500 baada ya uzazi wa kawaida, tunahesabu kwamba mama anatoka damu nyingi. Macho hayawezi kuipima damu iliyokwisha kunywewa na shuka. Utafiti uitwao E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000. Wakunga walitandika chini ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko wenye alama za vipimo, na damu ilipofika kwenye alama walitoa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine. Matokeo mabaya ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60.

Kisha linakuja jambo ambalo mama wa uzazi wa pili halitarajii: chango. Baada ya mtoto wa kwanza, tumbo la uzazi hukaza na kubaki limekaza. Baada ya wa pili hukaza, hulegea, hukaza tena, na kila mara linauma. Huzidi mtoto anaponyonya, kwa kuwa kunyonya hutoa oksitosini ya mwili wenyewe. Wapo wanaoacha kunyonyesha wakidhani maziwa yana tatizo. Hayana. Kwa kawaida maumivu hupungua sana ndani ya siku chache. Paracetamol, kitambaa cha uvuguvugu na kukojoa mara kwa mara husaidia. Lakini maumivu yanayoambatana na homa, uchafu wenye harufu mbaya au damu inayolowesha pedi upesi, hayo usiyaite chango. Rudi hospitali.

Historia unayoibeba

Uzazi wa kwanza huacha taarifa ambazo mkunga wa uzazi wa pili anazihitaji. Ikiwa ulijifungua kwa upasuaji, kovu lipo kwenye tumbo la uzazi. Wengi wanaweza kujaribu njia ya kawaida, lakini kwa takribani wanawake 5 kati ya 1,000 wanaojaribu, kovu huachia. Uchungu huo hauangaliwi kwenye zahanati. Unataka hospitali yenye chumba cha upasuaji. Ikiwa ulitoka damu nyingi au kondo liligoma kutoka, jambo hilo linaweza kujirudia. Na ikiwa kundi lako la damu ni hasi, damu ya mtoto wa kwanza inaweza kuwa iliufundisha mwili wako kumshambulia wa pili, ndiyo maana kuna sindano ya kinga inayotolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua.

Basi mpango wa uzazi wa pili huanzia kwa yule mtoto aliyelala chumbani. Ifikapo wiki ya 36, awe na mtu mmoja wa kukaa naye mchana na mwingine wa usiku, wote wanaoishi karibu, na awe ameshazoea kulala wakiwapo. Namba ya dereva na kadi ya kliniki vikae pamoja.

Mama mmoja wa uzazi wa pili alinijia saa nne usiku, begi mkononi, akionea aibu utulivu wake. "Sista, labda nimewahi mno. Mtanifokea?" Swali lake lilinichoma, maana wapo wanaofokewa kweli, na wengine hurudishwa nyumbani. Nilimpima: sentimita 4. Nilimwambia atembee koridoni. Kabla ya saa sita alikuwa ananyonyesha.

Kwa hiyo usingoje tukuulize. Ukifika mlangoni, kabla ya jina lako, sema: huu ni uzazi wangu wa pili.