Anwani ya Tovuti Ikihama, Mwananchi Afikeje?

Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF. Anwani ya tovuti nayo ikabadilika: badala ya nhif.or.ke, wananchi wakaanza kutumia sha.go.ke. Hata hivyo, anwani ya zamani hubaki kwenye mabango, fomu na simu. Mkazi wa Masimba aliyeiandika daftarini bado anaweza kuichapa akiwa saiba. Ndiyo sababu taasisi inayohama hupaswa kuacha maelekezo kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti.

Njia ni mbili:

1. Kuelekeza upya. Seva huiambia simu iende kwenye anwani mpya, nayo anwani hiyo huonekana juu ya skrini. Msimbo 301 humaanisha ukurasa umehama kabisa. 302, umehama kwa muda.

2. Kuandika anwani upya ndani ya seva. Mwananchi huona anwani ileile fupi, huku seva ikimletea ukurasa uliohifadhiwa mahali pengine.

Mafundi hujaribu kanuni hizi kwenye seva ya majaribio kabla ya kuzipeleka kwenye seva ya umma. Kanuni ikinakiliwa pamoja na jina la seva ya majaribio, mwananchi hutumwa kwenye mashine asiyoweza kuifikia. Kwa hiyo jina huwekwa kando, kila seva na lake. Ni salama pia kuanza na 302. Vivinjari hukumbuka 301, hivyo simu inaweza kuendelea kufuata kosa hata baada ya seva kurekebishwa. Kanuni mbili zikirudishiana, simu huzunguka hadi ikatae kufungua ukurasa.

Mwananchi azingatie nini?

• Kabla ya kuandika nambari ya kitambulisho, soma anwani uliyofikishwa, si ile uliyobonyeza. Jina lililo kabla ya mkwaju wa kwanza, ukiacha ule wa https://, liishie na .go.ke, kikoa kilichotengewa serikali. Likiwa na go.ke katikati lakini likaishia .com, ondoka.

• Usiandike PIN ya M-Pesa kwenye tovuti yoyote.

• Usajili wa SHA ni bure. Asiye na intaneti anaweza kupiga *147#.